Mvi za mwanamume: Jinsi ya kuzipunguza bila kuonekana umepaka rangi

Na Mwandishi Wetu

UKIMTAZAMA mwanamume wa miaka 55 aliyetoka saluni asubuhi hii, mara nyingi huhitaji kuambiwa kuwa amepaka rangi. Nywele ni nyeusi tititi, zote kwa usawa, kana kwamba amevaa kofia. Mstari wa mbele umevuka mpaka wa nywele na kuingia kwenye ngozi ya paji la uso. Ndevu nazo zina weusi ule ule, ilhali mikunjo ya pembeni mwa macho inasema mengine kabisa. Alikwenda kuficha mvi, akarudi na tangazo.

Jambo hilo hutokea kila siku katika saluni za kiume za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi, na kwa kawaida kosa si la rangi yenyewe. Kosa ni la kutaka kuzimaliza mvi zote. Vinyozi waliosomea kazi ya rangi hawazifuniki mvi za mwanamume, bali huzipunguza, wakaacha nyingine zionekane mahali ambapo macho ya watu yamezoea kuziona.

Mwandishi wa makala haya alilijua hilo kwa gharama. Akiwa na miaka 34, siku moja kabla ya harusi ya kaka yake, alipakwa rangi nyeusi ya unga katika saluni moja ya mtaani, ikakaa kichwani zaidi ya nusu saa kwa sababu kinyozi alikuwa akimhudumia mteja mwingine. Picha za harusi hiyo bado zimo katika albamu ya mama. Ndugu wa bwana harusi anaonekana amesimama pembeni mithili ya mtu aliyesahau kuvua kofia ya kuogelea, na shangazi mmoja hajaacha kuuliza kama siku ile alikuwa mgonjwa.

Aibu isiyosemwa

Wanaume wengi hawapendi kulizungumza jambo hili, na si wa Afrika Mashariki peke yao. Mwaka 2002 Gerhard Schröder, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, alikwenda mahakamani mjini Hamburg baada ya shirika la habari la ddp kumnukuu mshauri wa mwonekano aliyedai kuwa kiongozi huyo angeaminika zaidi kama asingepaka rangi mvi zake za panjani. Kansela alikana kupaka rangi, akashinda, na shirika hilo likakatazwa kuyarudia madai hayo.

Nchini China, kwa miongo mingi viongozi wakuu walionekana hadharani na nywele nyeusi hata walipovuka umri wa miaka 60, hadi Rais Xi Jinping alipoanza kuacha mvi zake zionekane, jambo ambalo vyombo vya habari vya nje vililizungumzia sana katika mkutano wa Bunge la nchi hiyo wa Machi 2019. Naye Barack Obama aliapishwa Januari 2009 akiwa na nywele nyeusi, akaondoka madarakani Januari 2017 na kichwa cha kijivu. Picha zake za miaka hiyo minane ni somo zuri kwa kinyozi yeyote, kwani zinaonyesha namna mvi zinavyozidi taratibu, zikichanganyika na weusi bila kuwa na mstari wowote wa mpaka. Hali ya katikati, ile ya mwaka wa tatu au wa nne wa safari hiyo, ndiyo ambayo rangi nzuri ya mwanamume hujaribu kuirudisha.

Kijivu ambacho hakipo

Rangi ya nywele hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo kwenye shina la unywele, chini ya ngozi. Seli hizo zinapopungua au kuchoka, unywele mpya huota ukiwa na rangi kidogo au bila rangi kabisa. Unywele uliokwisha kutoka nje haugeuki kuwa mweupe kwa usiku mmoja, na kung'oa mvi moja hakuzai mvi saba, ingawa imani hiyo ni maarufu vijiweni.

La muhimu kwa mada yetu ni kwamba kile tunachokiita kijivu, kwa sehemu kubwa, si rangi ya unywele. Ni macho yetu yanayochanganya nywele nyeusi na nyeupe zilizosimama bega kwa bega. Kwa hiyo mtu mwenye nywele nyeupe nusu kwa nusu akigeuziwa sehemu tu ya zile nyeupe, kichwa chote kitaonekana kimekuwa cheusi zaidi, na hakuna atakayejua ni unywele upi uliopakwa.

Umri wa kuota mvi hutofautiana. Vitabu vya tiba ya ngozi hueleza kuwa, kwa wastani, Wazungu huanza katikati ya miaka ya 30 na Waafrika katikati ya miaka ya 40. Urithi wa familia una nafasi kubwa. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha London (UCL) walitangaza jeni ya kwanza kuhusishwa na mvi, inayoitwa IRF4. Kwa Mwafrika, mvi nyingi kabla ya miaka 30 huhesabiwa kuwa za mapema, na hapo ni busara kumwona daktari kabla ya kumwona kinyozi, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi la shingo ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuzileta. Uvutaji wa sigara nao umehusishwa na mvi za mapema.

Piko, hina na rangi za pakiti

Pwani yetu ina historia yake katika jambo hili. Wazee wenye ndevu nyekundu za hina ni sura ya kawaida Zanzibar, Lamu na Mombasa. Msingi wake ni wa dini: Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inaeleza kuwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar, alipoletwa siku ya kufunguliwa Makka akiwa na nywele nyeupe pe, Mtume aliagiza zibadilishwe rangi lakini nyeusi iepukwe. Ndiyo maana wanazuoni wengi huelekeza kwenye hina, au hina iliyochanganywa na mmea uitwao katam, ambao huleta rangi ya kahawia iliyokolea.

Hina halisi huupa unywele mweupe rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Haiwezi kuleta weusi. Unga unaouzwa kwa jina la hina nyeusi, kama ilivyo kwa piko nyingi, hupata weusi wake kwa kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye pakiti huandikwa kwa kifupi PPD. Kemikali hiyo hiyo, au ndugu zake, imo katika rangi nyingi za kudumu za dukani, zikiwamo zile za unga zinazochanganywa na maji peke yake. Msomaji asidanganyike na maneno "haina amonia" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya pakiti. Amonia na PPD ni vitu viwili tofauti.

Kwa jumla, rangi zinazopatikana saluni ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya muda, ambayo hukaa juu ya unywele na kutoka kwa maji au jasho. Walioitazama Marekani mwezi Novemba 2020 watakumbuka michirizi myeusi iliyomtiririka Rudy Giuliani mashavuni akizungumza na waandishi wa habari mjini Washington. Wataalamu wa nywele hawakukubaliana ilikuwa ni kitu gani hasa, lakini hakuna aliyesahau. Kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, rangi ya aina hiyo haifai kwenda nayo hata kituo cha daladala.

Ya pili ni ya kudumu. Hii huchanganywa na dawa ya peroksidi, mara nyingi ya asilimia 6, ambayo katika saluni hujulikana kama volyumu 20. Hufunika mvi zote, lakini peroksidi hiyo pia hupunguza weusi wa asili wa nywele zisizo na mvi. Baada ya wiki kadhaa za jua na sabuni, kichwa huanza kutoa wekundu wa kutu, ambao ndio dalili ya pili inayowaumbua wengi.

Ya tatu ni ya nusu kudumu. Hutumia peroksidi hafifu, kati ya asilimia 1.5 na 3, haina amonia au inayo kidogo sana, na hufifia polepole baada ya kuoshwa mara 20 na zaidi. Haizifuniki mvi kikamilifu. Huzitia kivuli tu. Kwa mwanamume mwenye nywele fupi hiyo si kasoro, ndiyo faida yenyewe, kwani nywele zinapokua hakutokei mstari wa weupe chini na weusi juu.

Chagua kahawia, si nyeusi

Mteja wa Kiafrika akiulizwa rangi ya nywele zake hujibu kuwa ni nyeusi, na kinyozi huchukua pakiti nyeusi. Hapo ndipo safari inapoharibika. Rangi nyeusi ikitua juu ya unywele mweupe hutoa weusi mkavu kuliko wa asili, na kwa kuwa nywele zilizonyolewa fupi zimesongamana, weusi huo huonekana mara mbili.

Katika mfumo wa namba unaotumiwa na watengenezaji wengi, 1 ni nyeusi, 3 ni kahawia iliyokolea na 4 ni kahawia ya kati. Kanuni ya kazi ni kushuka hatua moja au mbili kutoka kwenye rangi ya asili, yaani kwa wengi wetu kuchukua 3, au 4 kwa mwenye mvi nyingi na ngozi ya maji ya kunde. Nywele nyeupe zitakuwa kahawia, nyeusi zitabaki nyeusi, na mchanganyiko wake utaonekana mweusi wenye uhai. Chagua rangi isiyo na wekundu wala udhahabu. Mara nyingi huwa na herufi N au sifuri baada ya namba.

Kwa mwenye mvi chache, chini ya robo ya kichwa, ushauri wa dhati ni kutofanya chochote zaidi ya kunyoa vizuri. Mvi zilizonyolewa kwa mashine namba 1 panjani hupotea machoni bila hata tone la rangi.

Namna kazi inavyofanywa

Nywele zisioshwe siku hiyo, kwani mafuta ya asili huikinga ngozi. Anza kwa kunyoa kwa mashine, ili rangi isipotezwe kwenye nywele zitakazodondoka sakafuni. Lakini wembe wa kuchonga mstari wa mbele na wa ndevu usubiri mpaka rangi imekwisha kuoshwa. Saluni nyingi hufanya kinyume: wembe kwanza, spiriti, halafu rangi juu ya ngozi iliyotoka kukwaruzwa. Hilo huwasha, hutia doa, na huiruhusu kemikali kupenya kwa urahisi.

Paka mafuta mazito ya mgando kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni. Changanya rangi katika bakuli la plastiki, si la chuma, na kinyozi avae glovu. Hilo la glovu si mapambo: mwaka 2010 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilichapisha tathmini iliyoiweka kazi ya unyozi na ususi katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani kwa wafanyakazi wake, ingawa kwa mteja mmoja mmoja ushahidi haukutosha kutoa hukumu.

Rangi haipakwi kama unavyopaka mafuta. Kwa nywele zenye urefu wa sentimita 2 au zaidi, tia rangi kidogo kwenye meno ya kitana kipana na ukipitishe juu ya nywele pasipo kugusa ngozi. Kwa nywele fupi zaidi tumia brashi ndogo, kwa kugusa na kuachia, ukianzia utosini na mbele ambako mvi humzeesha mtu, na kumalizia panjani kwa brashi iliyokwisha kukauka nusu. Panja ni mahali pa kuheshimu. Ndiko mvi za wengi huanzia, ndiko kila mtu hutazamia kuziona, na kuziondoa zote huko ni kama kuondoa saini kwenye barua.

Muda ndio kila kitu. Rangi za kudumu zikikaa dakika 30 au zaidi hufunika kila unywele, lakini kwa kivuli cha nusu kudumu dakika 5 hadi 10 hutosha, kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Baada ya dakika 5 futa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye maji, kisha mpeleke mteja mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa nyeupe za saluni husema uongo. Ikiwa bado ni nyepesi, dakika mbili zaidi zinaweza kuongezwa. Ikiwa imezidi, hakuna dakika za kupunguza.

Ikitokea imezidi, usikubali kuongezewa dawa ya kung'arisha nywele. Kuosha mara tatu au nne siku hiyo hiyo kwa shampuu ya kuondoa mba hupunguza makali, na kupitisha mashine upya humaliza kazi. Rangi iliyobaki kwenye bakuli imwagwe. Haihifadhiki, na ikifungwa ndani ya chupa hujaa gesi na inaweza kupasuka.

Ndevu na nyusi

Ndevu ni nene kuliko nywele za kichwa, na ngozi iliyo chini yake huathirika upesi zaidi. Zipakwe peke yake, kwa rangi iliyo nyepesi hatua moja kuliko ya kichwa, na nyeupe chache za katikati ya kidevu ziachwe. Masharubu yaguswe kidogo sana, kwani yapo karibu na pua na mdomo. Anayenyoa ndevu kila baada ya siku mbili hana haja ya kuzipaka rangi.

Nyusi na kope hazipakwi rangi ya nywele kwa hali yoyote. Miaka ya 1930 nchini Marekani, rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, iliyokuwa na kemikali ya jamii hii, ilisababisha upofu na kifo, na mkasa huo ulichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1938 iliyoviweka vipodozi vya nchi hiyo chini ya usimamizi wa serikali.

Jaribio la saa 48

Hatari ya kuogopwa zaidi si rangi mbaya, ni mzio. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitangaza PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2 katika rangi inapowekwa kichwani. Piko ya kuchorea mwili, ambayo haijapimwa na yeyote, inaweza kuzidi kiwango hicho kwa mbali, na mtu aliyewahi kuvimba kwa kuchorwa piko harusini hapaswi kamwe kupaka rangi yenye PPD kichwani.

Mzio huu ni wa hila. Mtu anaweza kupaka miaka kumi bila tatizo, kisha mara ya kumi na moja ngozi ikawasha, ikatoa vipele na majimaji, na kesho yake macho yakavimba hadi yakafumba. Dalili huchelewa, mara nyingi siku moja hadi tatu, hivyo kukaa saluni nusu saa bila kuwashwa si ushahidi wa usalama. Jaribio la kweli ni kupaka kiasi kidogo cha rangi nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, kwa kufuata maelekezo ya pakiti, na kusubiri saa 48. Lirudiwe kila unapobadilisha rangi. Ikiwa uso umevimba, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Ikiwa kupumua ni kwa shida, usisubiri hata kuosha. Aidha, unga huu ni sumu kali unapomezwa, na haufai kuachwa karibu na watoto.

Kuna pia rangi za kupaka kila siku kidogo kidogo ambazo kwa miaka mingi zilitegemea risasi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliamua mwaka 2018 kuifutia kibali kemikali hiyo, lead acetate, katika rangi za nywele. Ukiiona kwenye chupa, irudishe dukani. Kwa Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, baada ya iliyokuwa TFDA kubadilishwa kuwa TMDA, na pakiti isiyo na orodha ya viambato wala tarehe ya kwisha muda haistahili kufunguliwa, hata kama ni ya bei ya kutupa.

Kurudia na kuacha

Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, zetu zilizosokotana zikiwa nyuma kidogo. Anayenyoa kila wiki mbili atakuwa ameikata sehemu kubwa ya rangi katika mwezi mmoja, hivyo kurudia kila wiki nne hadi sita hutosha. Kila wiki ni nyingi mno kwa ngozi.

Anayetaka kuacha ana kazi nyepesi kuliko mwanamke mwenye nywele ndefu. Ashushe rangi hatua moja mara ya mwisho, aache mwezi upite, kisha anyoe kwa mashine namba 1. Baada ya kunyoa mara ya pili mvi zote zitakuwa zimerudi, na wenzake kazini watadhani ni mtindo mpya.